Livu ya Kwenda Mikindani

Dada yangu alijifunza kupiga mbizi ndani ya pipa la mafuta, nyuma ya kota za wafanyakazi pale Nachingwea. Alikuwa hajawahi kuiona bahari, na macho yake yalikuwa yamebakiza kuona upana wa sahani tu. Aliinama, akashika kingo za pipa, akatumbukiza kichwa mpaka shingoni, na mumewe akasimama pembeni akihesabu kwa sauti. Majirani walikuja kutazama. Mama mmoja wa kota ya pili alisema Mnyamwezi sasa ameanza kumfuga mkewe kama kambare. Dada alitoa kichwa majini, akajipangusa uso kwa kanga, akamjibu kwamba kambare hasongi ugali wala hateki maji, kwa hiyo yeye yuko radhi.

Nirudi nyuma kidogo, maana mtu akisikia habari za pipa peke yake atadhani nyumba ile ilikuwa ya wendawazimu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya hamsini. Mradi mkubwa wa karanga, uliokuja kwetu na kelele nyingi, ulikuwa unazimika. Matrekta yaliyong'oa msitu yalisimama safu kwa safu nje ya karakana, na majani yalikuwa yameota katikati ya minyororo yake. Shemeji yangu alikuwa fundi wa karakana hiyo. Alikuwa mtu wa Tabora aliyekuja kusini kwa ajili ya kazi, akamwoa dada yangu, na mimi nilikaa nao kwa sababu nilikuwa na kazi karibu. Nilikuwa nimesoma kwa masista, na kwenye zahanati walinichukua kuwa mkalimani. Wagonjwa walipofika kutoka Naipingo au Marambo wakisema Kimwera, mimi niliyageuza maneno yao kuwa Kiswahili, kisha nikageuza ya daktari kuwa Kimwera.

Kwa hiyo ni mimi niliyemwambia dada, ingawa Kiswahili cha nyumbani alikijua. Daktari alikuwa anapita mara moja moja. Alimwangaza dada machoni kwa tochi, akapitisha kidole upande huu na ule, akamwuliza anakiona wapi na kinampotea wapi. Halafu akaniambia niseme kwamba mshipa wa nyuma ya jicho unakufa, kwamba giza linaingia kutoka pembeni kwenda katikati, na kwamba hakuna dawa anayoijua yeye. Nikasema. Dada aliweka mikono mapajani. Kisha akaniambia, "Muulize kama yatafunga kabla ya mvua au baada ya mvua." Daktari alisema hajui. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa miezi. Hilo nalo nikaligeuza.

Njiani kurudi alinishika bega. Kabla ya siku ile hakuwahi kutembea amenishika bega.

Shemeji hakulia. Jioni ile alikaa kizingitini na chakula chake kikapoa. Siku mbili tatu baadaye alianza kuzungumzia bahari.

Zamani kidogo, mradi ulipokuwa na nguvu, alikuwa ametumwa kuwapeleka pwani wazungu wawili wa upimaji kwa lori, nao wakakaa Mikindani siku kadhaa kupumzika. Walikuwa na miwani ya mpira yenye kioo kimoja kipana, wakiivaa na kuzama kwenye miamba. Mmoja wao alimwachia shemeji aijaribu. Tangu hapo alikuwa na hadithi hiyo moja, na sisi tulikuwa tumeichoka. Lakini sasa aliisimulia kwa namna nyingine. Alisema, "Ukiwa chini kule na ile miwani, pembeni huoni kitu. Unaona mbele tu. Mimi mwenyewe nilikuwa naona kama anavyoona mke wangu."

Dada akauliza, "Na hapo mbele kuna nini?"

Hakuweza kueleza. Alitaja samaki wa manjano, akataja mimea inayocheza bila upepo, akakwama. Alisema twende tukaone.

Ndivyo mpango ulivyoanza. Shemeji alikuwa na livu, kama tulivyoiita likizo siku zile, ya wiki mbili ambayo hakuwahi kuichukua. Wakubwa wake walimkubalia baada ya mavuno. Hapakuwa na uhakika wa livu nyingine, kwani kila mwezi watu wa karakana walikuwa wanapunguzwa na kurudi kwao. Rafiki yake aliyekuwa akitia makaa kwenye gari la moshi alikuwa na nyumba Mikindani, yenye kibaraza kinachotazama maji, naye alisema waje wakae bure. Tulikaa jioni nyingi tukiipanga safari ile. Dada alikuwa anauliza kama mtu anayehamia. Je, mchanga unaunguza mchana? Wanawake wanaoga upande gani? Watu wa pwani watacheka wakiona mtu mzima wa bara anaingia majini amefunga kaniki? Wachukue unga, au kuna unga? Shemeji alisema mtu hafungi unga kwenda kupumzika. Dada akasema yeye hajawahi kupumzika, kwa hiyo hajui, ila anajua njaa.

Miwani shemeji aliitengeneza mwenyewe. Alikata mpira wa ndani wa tairi la trekta, akapachika kioo cha geji, ile saa ya kipimo, kutoka kwenye trekta lililokufa, akaziba kwa gundi ya pancha. Ya kwanza ilivuja. Ya pili ikambana dada mpaka akatoka na alama ya duara usoni iliyokaa mpaka siku ya pili, na watoto wa kota wakamwita bundi. Ya tatu ilikaa vizuri. Ndipo pipa likaletwa, likasuguliwa kwa mchanga na jivu, likajazwa maji ya bomba.

Nataka ieleweke kwamba hatukuwa na furaha kama inavyosikika. Tulikuwa tunakimbizwa. Kila wiki kitu kilipungua. Alikuwa anaweza kuchambua mchele, halafu akawa haoni chuya. Alikuwa anapita mlangoni, halafu akawa anagonga bega. Nilimkuta siku moja uani, amefumba macho, anapapasa ukuta kuanzia jikoni hadi chumbani, akijifunza njia. Alipojua nipo aliniambia ninyamaze, asije akasahau alipofikia. Shemeji naye alikuwa anahesabu kwa kidole siku zilizobaki kabla ya livu, na dada akitumbukiza kichwa pipani alihesabu kwa haraka kupita kiasi, mpaka dada akamkemea kwamba anamdanganya pumzi.

Kilichobaki kilikuwa kuwaambia wakubwa wa ukoo.

Kwetu mwanamke akiolewa hatoki mkononi mwa mjomba wake. Watoto ni wa ukoo wa mama, na mambo mazito ya mwili wake, kuzaa, kuugua, kufa, mjomba ndiye msemaji. Mume analima, analala, analisha, na wengi hukaa kwa wakwe maisha yao yote na heshima zao. Shemeji aliyajua haya nusu nusu. Kwao mke akishatolewa ng'ombe ni wa mumewe. Mjomba wetu alikaa Ruangwa, na alitulea baada ya mama kufa, mimi na dada. Bila yeye kujua, safari isingewezekana.

Shida ilikuwa neno la kumwambia. Livu ilikuwa jambo la wazungu. Shemeji aliona kwamba akienda kwa mkwe wake akasema anampeleka mkewe mgonjwa pwani wakatazame samaki, ataonekana hana akili, na mke atazuiwa. Dada alisema amwambie tu. Shemeji akakataa. Alisema atasema wanakwenda kutibiwa, kwamba maji ya bahari yanasaidia macho, na hakuna mtu atakayemnyima mgonjwa dawa. Aliona amepata jibu zuri, na usiku ule alilala.

Tulikwenda Ruangwa kwa lori la mwenye duka, mimi na yeye, juu ya magunia ya ufuta. Kimwera cha shemeji kilikuwa cha salamu na cha sokoni, hivyo nilikwenda kama ninavyokwenda kazini.

Mjomba alifurahi kutuona. Alichinja kuku, akatandika mkeka, akauliza habari za mpwa wake mpaka akaridhika. Baada ya kula shemeji alisema, nami nikageuza: "Mkwe, nataka kumpeleka mpwa wako pwani akatibiwe macho."

Mjomba alivua kofia akaiweka gotini. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anajizuia kulia. Alimshukuru shemeji. Alisema wanaume wengine huuficha ugonjwa wa mke mpaka siku ya kuleta maiti. Halafu akasema, "Lakini wewe umepewa mke, mkwe. Ugonjwa wake hujapewa. Huo uko hapa."

Alieleza taratibu, bila ukali. Kama ni kucheza au kutembea, mtu na mkewe wanajua wenyewe. Kama ni ugonjwa, unaanzia nyumbani. Kuna mama mmoja hapo Ruangwa anayeshughulika na macho, amewasaidia watu wanaojulikana kwa majina. Dada aletwe kwanza kwake. Dawa ya nyumbani ikishindwa, yeye mjomba mwenyewe atavaa kanzu na kumsindikiza mpwa wake hadi baharini.

Nilimtazama shemeji wakati nageuza. Angekataa, angekuwa amesema hataki mkewe apone. Akainama, akasema ahsante.

Dada alikwenda Ruangwa wiki ile ile, nami nikamsindikiza. Yule mama alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, mwenye mikono safi, na ndiye pia aliyekuwa kungwi mkuu wa unyago wa upande ule. Alimfukiza dada kwa majani asubuhi na jioni, chini ya blanketi, akamfunga kamba nyeusi mkononi. Na alimpa mwiko. Tangu dawa inapoingia mwilini, mgonjwa haonji chumvi, haishiki, hasogelei maji yenye chumvi, mpaka mganga mwenyewe amrudishie kwa kumwekea punje ya kwanza ulimini, mbele ya mjomba. Chumvi ikitangulia, dawa inageuka. Miko ya namna hii watu wetu wanaijua toka utotoni, na hakuna anayeichezea.

Niliporudi Nachingwea nilimkuta shemeji anashona mkanda wa miwani. Nikamwambia. Aliweka sindano chini.

"Bahari yote ile," alisema.

Niliiokota sindano nikaichomeka kwenye mkanda.

Matibabu yalitakiwa kuisha kabla ya livu kuanza, na kwa hesabu ya mganga yangeisha. Lakini wasichana wa kijiji cha Kiegei walikuwa tayari kuingizwa unyagoni, na kungwi akaitwa. Akishaingia na mwali hatoki mpaka mwali atoke, hata akifiwa. Alimwambia dada afuate masharti, avumilie chakula cha chukuchuku, akirudi atampa chumvi yake. Hakuna mwingine aliyeweza kuitoa. Mjomba aliniambia hivyo kwa uchungu nilipokwenda kuwajulia hali, kwani hata yeye alikuwa anaona jinsi dada anavyosaga mtama huku uso umeelekea kwingine.

Livu ikaanza. Shemeji aliweka zana zake karakana, akapewa mkono na wenzake, wakamtania arudi mweusi zaidi. Alirudi nyumbani akakaa. Asubuhi ya pili alikaa tena. Kila treni ya pwani ilipopiga honi alikuwa anasimama, anakwenda uani, anarudi. Nilipika, hakula. Nilimwambia aende Ruangwa akakae na mkewe angalau. Alisema akienda atasema yote. Nikamwambia basi akaseme.

Tukaenda kwa baiskeli mbili, ya kwake na ya kuazima, na tukafika tumetapakaa vumbi jekundu mpaka kope. Dada alikuwa barazani. Alitusikia, akageuza kichwa, lakini ilibidi nisogee mpaka mbele yake kabisa ndipo anione. Akanigusa kidevu. "Umekonda," alisema, "au mimi ndiye ninayekuona nusu."

Mjomba alikaa, na shemeji akasema. Hakunipa nafasi ya kugeuza vizuri, alimwaga tu. Alisema hakuna daktari wa pwani. Alisema hawakuwa wanakwenda kutibiwa. Daktari wa Nachingwea alishasema hakuna dawa, na yeye alitaka mkewe aone kitu kizuri kabla ya giza, basi. Alisema aliogopa kuchekwa.

Nilipomaliza kugeuza, mjomba aliongea, na hakupandisha sauti.

"Ungeniambia unampeleka kucheza, ningekucheka, na ningekuacha uende. Mchezo wenu mimi unanihusu nini? Ni wewe uliyeniletea ugonjwa. Sasa dawa imo ndani yake, na siwezi kuitoa."

Shemeji alishika kichwa kwa mikono miwili. Sijamwona mtu mzima akikaa hivyo isipokuwa msibani.

Ndipo dada akasema. Alikuwa amenyamaza muda wote, kama inavyompasa mpwa mbele ya mjomba. Alisema, "Mjomba, wasichana wa Kiegei watatoka unyagoni mwezi ujao. Livu inaisha wiki ijayo. Nikingoja chumvi ya kungwi, bahari nitaiona kwa masikio."

"Na ukienda, macho yakafunga?"

"Yanafunga, mjomba. Mimi ndiye niliye ndani yake. Yanafunga."

Mjomba alitoka akaenda kusimama kwenye mikorosho yake. Alikaa huko hadi tukaanza kuogopa. Aliporudi alikuwa na uamuzi, naye aliutoa kama baraza linavyotoa, akiwa amewaita majirani wawili wasikie. Waende. Wakae kivulini, wale, wapumzike, dada atazame maji kutoka nchi kavu. Lakini asiyaguse. Asitie hata mguu. Wakirudi wataulizwa mbele ya watu hawa hawa. Ikijulikana ameingia, na macho yakafunga, basi ni mume aliyeyafunga, na yeye atamchukua mpwa wake arudi Ruangwa moja kwa moja, na Mnyamwezi hatakuwa na la kusema.

Shemeji alikubali. Dada alisema ndiyo, mjomba.

Mimi sikwenda Mikindani. Zahanati haikuwa na mkalimani mwingine. Niliwasindikiza stesheni, dada amenishika bega, shemeji amebeba kikapu. Wakati wa kupanda dada alisita kwenye ngazi kwa sababu hakuiona, watu wa nyuma wakamsukuma, mmoja akamwambia mama twende, treni si yako. Alicheka, akapanda. Dirishani alitazama upande ambao mimi sikuwapo, akapunga mkono.

Walirudi mwisho wa livu. Shemeji alikuwa amebabuka pua kwa jua. Mjomba alikuja Nachingwea na mashahidi wake wawili, kama alivyosema, wakaketi sebuleni, akamwuliza dada aligusa maji au hakugusa. Dada akasema hakugusa. Akamwuliza shemeji. Shemeji akasema hakugusa. Mjomba akasema vema, akanywa chai, na suala likafungwa.

Mvua zilipoanza kuchanganya, dada hakuona tena. Siku yenyewe hakuitaja. Niligundua mwenyewe nilipomkuta anapika bila taa. Kungwi alikuwa ameshatoka Kiegei na kumpa chumvi yake ulimini, kwa taratibu zote. Kwa kuwa neno lilikuwa limesemwa mbele ya mashahidi, mjomba hakumchukua. Shemeji alipunguzwa kazi mwaka uliofuata. Hakurudi Tabora. Walihamia Naipingo, akalima mihogo na kupanda mikorosho kwa wakwe, kama mwanaume wa kwetu, na dada akakaa naye.

Miaka mingi ilipita. Mjomba alikufa, na wale mashahidi wakafa, na hapakuwa tena na mtu wa kumchukua mtu. Siku moja tunamenya mihogo, mimi na dada peke yetu, nilimwuliza. Hakusita. Alisema aliingia. Asubuhi ya pili, maji yakiwa yametulia, shemeji alimshika mkono wakaenda mpaka kifuani, akavaa miwani, akainama. Alisema samaki mmoja bapa, mwenye mistari, alikuja akasimama mbele yake kama mtu anayetaka kuuliza njia, akageuka, na alipogeuka akawa mwembamba mpaka akapotea, kisha akageuka tena akawapo. Alisema alimtazama mpaka pumzi ikamwishia, na alipoibuka shemeji alikuwa analia.

Nilingoja, nikamwuliza shemeji siku nyingine, yuko peke yake kwenye mikorosho. Nilimwambia mjomba hayupo, mimi si mtu wa kumpeleka popote. Alinitazama sana. Alisema walikaa kibarazani siku zote zile. Dada alimwambia amsimulie kinachoonekana chini ya maji, naye akaingia peke yake, akawa anazama na kurudi, anazama na kurudi, anamweleza. Yule samaki bapa mwenye mistari, alisema, ni yeye aliyemsimulia dada.

"Mkeo anasema aliingia," nilimwambia.

"Mke wangu hakulowa hata pindo la kanga, shemeji," alisema. "Tulikuwa tumetoa neno."

Niliwauliza tena baadaye, kila mmoja kwa wakati wake, na hakuna aliyebadilisha.